Mwanamke wa Tatu Kwenye Kiti Kile

Siku niliyoingia kwenye bodi ya wakurugenzi, mhudumu wa chai aliniletea kahawa ya msiba.

Sitanii.

Miaka kumi na moja Ami Gaber alikuwa akiniletea kahawa mezani. Anajua naitaka na kijiko kimoja cha sukari, hazidishi wala hapunguzi. Siku hiyo, mbele ya wajumbe wote, mpiga picha na mashada ya maua, akaniwekea kikombe changu. Nikapiga funda moja.

Chungu tupu.

Hapa kwetu Aleksandria kahawa isiyo na sukari, tunaiita sada, ndiyo inayozungushwa matangani. Watu wamekaa kwenye viti, Qur'ani inasomwa, sada inapita. Ukimpa mtu sada siku ya furaha yake, ama umepitiwa ama unamtakia mabaya.

Nikamtazama Ami Gaber. Hakushusha macho. Akachukua sinia lake akatoka.

Nikajisemea, mzee kapitiwa.

Naitwa Inas. Mhandisi wa majengo, nimezaliwa na kukulia Moharram Bey, naishi na mama yangu. Kampuni niliyokuwa nafanya kazi ni ya ujenzi na jina lake nalihifadhi kwa sababu kesi bado iko mahakamani. Ni kampuni ya familia, ila hisa zake zinauzwa sokoni, na kampuni za namna hiyo sheria yetu inazitaka ziwe na wanawake kwenye bodi.

Kwetu alikuwepo mmoja tu, wa kutimizia sheria. Madamu Ragia.

Huyu mama ni mwanasheria na moto wa kuotea mbali. Ndiye aliyekuwa anatufundisha sisi wanawake wa kampuni kila Jumanne baada ya kazi, namna ya kusoma hesabu, namna ya kubisha kwenye kikao bila sauti kutetemeka. "Msikubali kuwekwa kwenye kamati ya maua na zawadi," alikuwa akisema. "Kama mtu anakupa kiti, kidai na kazi yake."

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa mbele. Nilikusanya sahihi za wafanyakazi kudai wanawake waongezwe bodini, niliandika barua, niligombana na wanaume kwenye lifti. Miaka miwili nzima ya kelele.

Halafu Madamu Ragia akaumwa presha, akajiuzulu, akanipendekeza mimi. Barua yake ya pendekezo nilipewa nakala. Nikaitia kwenye fremu, nikaitundika sebuleni juu ya televisheni. Mama alikuwa anamsomea kila mgeni.

Sasa turudi kwenye kikao.

Mwenyekiti wetu ni Haji Metwalli, mzee mpole, tasbihi haimtoki mkononi. Pembeni yake mwanawe Hany, naye mhandisi kama mimi. Haji akagonga meza taratibu.

"Mabwana, huyu binti hatukumleta kupamba picha. Huyu ni mhandisi. Napendekeza Bashmuhandisa Inas awe ndiye mjumbe mwenye dhamana ya usalama na matengenezo ya majengo yetu yote."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilikuja nimejiandaa kupigana nisitupwe kwenye maua na zawadi, kumbe napewa kazi yenyewe, tena bila kuiomba.

"Nani anapinga?" Haji akauliza.

Kimya.

"Kwa kauli moja, basi."

Wakapiga makofi. Nikasaini. Hany akanipa mkono na kunambia, "Hongera. Sasa kila kitu kiko mikononi mwako."

Maneno mazuri kabisa. Ila mkono wake ulikuwa umelowa jasho, na ilikuwa Januari, kwetu baridi kali.

Kesho yake Jumatatu, Ami Gaber akaniletea sada tena.

Nikawaka. "Ami Gaber! Nimekukosea nini? Mimi ni maiti?"

Akafunga mlango wa ofisi yangu. Akasimama na sinia lake kifuani.

"Bado, binti yangu. Ndiyo maana nakuletea mapema."

"Hebu sema Kiswahili kinachoeleweka, mzee wangu." Nasema Kiswahili kwa sababu nakusimulia wewe. Ila ndivyo nilivyomwambia, kwa ukali huohuo.

"Unamjua kahul?"

Nani Aleksandria hamjui kahul? Ni hivi. Mjenzi akitaka kupandisha ghorofa ambazo hana kibali chake, anatafuta mtu hohehahe wa mtaani, mlevi au mgonjwa, anaandikisha jengo kwa jina lake. Serikali ikija, au jengo likianguka, anayefungwa ni yule. Mwenyewe yuko kwake anakula chakula cha mchana. Yule anayefungwa ndiye kahul.

"Namjua. Yamenihusu nini?"

"Wewe ndiye kahul, binti yangu."

Nilicheka. Kweli nilicheka.

"Ami Gaber, mimi nina digrii mbili!"

"Ndiyo, na kahul naye siku hizi kapandishwa cheo. Zamani walikuwa wanamwokota kwenye kijiwe cha kahawa. Sasa wanampigia makofi na kumpiga picha." Akasogea karibu. "Mimi nazungusha vikombe mle ndani, na mtu anayezungusha vikombe hakuna anayemuona. Nenda Asafra, jengo letu la mtaa wa nyuma. Hesabu ghorofa. Kisha usome kibao cha mlangoni."

"Kibao gani?"

"Nenda kasome."

Jumanne asubuhi nikaenda.

Kibali cha lile jengo nilikikuta kwenye faili. Ghorofa tisa. Nikasimama ng'ambo ya barabara nikahesabu kwa kidole, nikarudia, nikarudia tena.

Kumi na nne.

Nikavuka. Mlangoni kulikuwa na kibao kipya cha bati. Kimeandikwa: Matengenezo yanaendelea. Mwenye dhamana, Mhandisi Inas Abdel-Tawab. Chini yake tarehe.

Tarehe ilikuwa ya mwezi mmoja kabla sijateuliwa.

Jamani! Jina langu, la baba yangu, Mungu amrehemu, ukutani kwenye jengo ambalo sijawahi kulikanyaga. Na matengenezo yenyewe? Hapakuwa na fundi, hapakuwa na ngazi, hata ndoo ya saruji hapakuwa.

Ghorofa ya tatu mlango ulikuwa wazi. Mwanamke mnene mwenye kanga ya jikoni anamenya viazi. Mama Yasin. Nikamwambia mimi ni mhandisi wa kampuni, nimekuja kuangalia jengo.

"Alhamdulillahi! Karibu, karibu ndani. Mmetukumbuka leo?" Akacheka. "Ila sisi hatuna shida sana. Nyumba yetu inajifanyia usafi yenyewe. Tazama."

Akaweka kiazi kimoja sakafuni.

Kikakaa kidogo. Kisha kikaanza kubiringika chenyewe, taratibu, kikavuka jiko lote, kikagonga ukuta wa upande wa bahari.

"Unaona? Kila kinachoanguka nakiokota kona ileile," akasema.

"Tangu lini?"

"Zamani kilikuwa kinakwenda nusu tu. Tangu Ramadhani ndio kinafika ukutani. Na mlango wa choo umegoma kufunga, watoto wanaimba wakiwa ndani ili tujue kuna mtu."

Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa natafuta pa kushika.

Familia ngapi zinaishi hapa, nikamuuliza. Ishirini na nane. Kila kizingiti nilichokiona kina viatu vya watoto.

Nikashuka chini kwenye maegesho. Nguzo ya kona ya bahari ilikuwa imepakwa plasta mpya, laini, nyeupe. Nikaigonga kwa ufunguo wa nyumba. Kipande kikadondoka. Nyuma yake chuma kilichooza, chekundu, kinachambuka kwa kidole.

Sasa nikaelewa. Malalamiko yalishaanza, faili lilishaanza kunuka. Wakubwa walihitaji jina la kuweka kabla jengo halijaanguka. Sio jina la kuzuia lisianguke.

Nikampigia Madamu Ragia. Akapokea mlio wa saba.

"Madamu, nimetoka Asafra."

Nasikia redio nyuma yake.

"Usinipigie kuhusu Asafra, Inas. Simu zina masikio." Akakata.

Mwalimu wangu. Nikabaki naitazama simu.

Jumatano nikaingia kwa Haji Metwalli bila miadi. Alikuwa peke yake, anamenya chenza, maganda anayapanga kwenye sahani. Nikamwaga yote. Ghorofa tano za ziada, nguzo, kibao, viazi vya Mama Yasin. Sauti yangu ilitetemeka, mafunzo yote ya Jumanne yalinitoka.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanisogezea nusu ya chenza.

"Kula, binti yangu. Umepauka."

"Haji, watu watakufa!"

"Umri ni wa Mungu." Akafuta vidole. "Sasa nisikilize. Mimi simlazimishi mtu. Unataka kuondoka kwenye bodi? Ondoka, kwa heri na baraka, na kazi yako ya zamani utaikuta. Lakini sheria inasema lazima awepo mwanamke. Si mimi niliyesema. Ni nyinyi. Mlipiga kelele, mkaandika, mkapata. Haya, nipe mwanamke."

"Sijaelewa."

"Unampendekeza mwenzako. Akiingia yeye, dhamana inahamia kwake, na kibao kinapakwa rangi upya. Hata saa nzima haichukui." Akafungua droo, akatoa fomu na faili jembamba la kijani. "Kama hujui namna ya kuandika, mifano iko humo."

Nikafungua lile faili.

Barua ya juu niliijua kabla sijaisoma. Ni ile iliyo sebuleni kwetu, juu ya televisheni. Nampendekeza Mhandisi Inas. Ni shupavu, ni msomi, na anaamini kwa dhati haki ya mwanamke kuongoza.

Chini yake kulikuwa na nyingine, ya miaka mitatu nyuma. Imesainiwa na Madamu Nihal fulani. Nampendekeza Mwanasheria Ragia. Ni shupavu, ni msomi, na anaamini kwa dhati haki ya mwanamke kuongoza.

Neno kwa neno.

Miaka ile sikuwa nafuatilia mambo ya bodi. "Nihal ni nani?"

"Wa kwanza. Mama mstaarabu sana. Yuko Kanada kwa mwanawe, anatutumia salamu kila Idi."

Alisema hivyo kwa upendo kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko Asafra.

"Kaa pale uandike taratibu," akanambia. Akarudi kwenye chenza lake.

Na mimi nikakaa.

Hapa ndipo ninapoona aibu, na ndiyo sababu ya kuandika kisa hiki. Ningeweza kuliruka hili nikakwambia niliichana fomu mbele yake. Sikuichana. Nilikuwa namuona mama yangu na vidonge vyake vya sukari, anapanga foleni kwenye geti la gereza na mfuko wa chakula. Nilikuwa nawaza mtu mmoja tu, mimi.

Nikaandika jina.

Dalia Helmi.

Dalia ni mchoraji wa ramani, miaka ishirini na tisa, dawati lake linapakana na langu. Ndiye aliyezunguka na mimi kukusanya zile sahihi, ghorofa kwa ghorofa. Nilimfundisha mwenyewe kazi. Alikuwa ananiita dada mkubwa.

Nikaandika jina lake, la baba yake na namba ya kitambulisho, maana nilikuwa naikumbuka kichwani. Nikashuka kwenye mstari wa sababu za kumpendekeza. Nikaanza.

Ni shupavu, ni msomi, na

Mkono ukasimama. Sikunakili popote, wallahi. Maneno yalikuja yenyewe. Nikajua kwamba Ragia naye yalimjia yenyewe, na Nihal pia, na kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyedanganya. Sote tulimchagua mwanamke bora tunayemjua.

Nikaikunja fomu nikaitia kwenye pochi.

"Haji, nitaileta Jumapili. Naomba kwanza kumbukumbu za kikao zenye mhuri, niwe na nakala yangu."

"Kampigie mhuri," akamwambia katibu wake kwa simu, na akanitakia siku njema.

Nikaondoka na kumbukumbu za kikao mkononi. Mpaka Jumapili, mwenye dhamana ya lile jengo nilikuwa mimi. Hakuna aliyepinga, ilikuwa kwa kauli moja.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa ofisi ya wilaya. Karani alikuwa anakula sandwichi ya maharage, hakuinua kichwa.

"Nataka wakazi wa jengo hili waondolewe leo. Linaanguka."

"Bibi, hiyo anaomba mwenye mamlaka. Wewe nani?"

Nikamwekea karatasi mezani. "Soma ukurasa wa pili. Mwenye dhamana ni mimi. Na naandika hapa mbele yako kwamba jengo ni hatari na kampuni yangu inajua."

Akaacha kutafuna. "Unajua hii ni sawa na kujifunga mwenyewe?"

"Najua. Leta kalamu."

Mchana polisi na wahandisi wa wilaya walikuwa Asafra. Siwezi kukudanganya kwamba nilishangiliwa. Watu walishusha magodoro, majokofu, ndege kwenye vizimba. Wanawake walilia. Mama Yasin alipita karibu yangu na sufuria zake kichwani.

"Niliyekukaribisha ndani kwangu! Mungu akubomolee na ya kwako!"

Nikampisha apite. 

Saa kumi alasiri afisa akanifuata. "Wewe ndiye mwenye dhamana?"

"Ndimi."

"Twende."

Siku nne za uchunguzi. Zikaongezwa nne nyingine. Tulikuwa wanawake kumi na saba chumba kimoja, na sitaki kukisimulia. Mwishowe, mwenye dhamana nikaachiwa kwa dhamana. Jengo lilikuwa limesimama miaka minne kabla sijaingia bodini, na mwendesha mashtaka alijua kuhesabu.

Unataka kujua kama lilianguka? Halikuanguka. Kuna watu mtaani mpaka leo wananiita mwanamke aliyevunja nyumba nzima. Lakini wahandisi walipoichimba ile nguzo ya kona, saruji ilimwagika kama mchanga, na ndani yake mlikuwa na vipande vya kombe za pwani. Walijengea mchanga wa baharini. Jengo likabomolewa kwa nyundo, ghorofa moja moja. Wale wakazi, wengine wamepangishiwa, wengine wanahangaika mpaka sasa, na hilo ninalibeba.

Haji Metwalli anakuja mahakamani na cheti cha daktari. Hany hasemi chochote.

Madamu Ragia nilimpigia nilipotoka. Mara hii hakukata.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini mimi, Madamu?"

Akavuta pumzi ndefu. "Kwa sababu wewe ndiye uliyekitaka kile kiti zaidi. Na mimi nina mabinti wawili, Inas."

Nilitaka kumtukana. Matusi nilikuwa nayo, nimeyajifunza chumba kile. Ila fomu ilikuwa bado kwenye pochi yangu.

Nikaenda kwa Dalia.

Ningeweza kuichoma. Hakuna aliyejua. Haji hakuwahi kuisoma. Yeye Dalia alinipokea kwa kunikumbatia, analia, ananiita shujaa, ametengeneza keki ya basbusa, amewaita na wadogo zake waje kuniona. Nikamwomba tukae wawili.

Nikamwekea fomu mapajani.

Akaisoma. Jina lake. Jina la baba yake. Namba ya kitambulisho, yote tarakimu kumi na nne. Akapitisha kidole kwenye ule mstari uliokatika.

"Niliacha, Dalia. Nakuapia niliacha."

"Naona." Akaikunja vizuri akanirudishia. "Umeliandika jina langu vizuri sana, Bashmuhandisa. Hata mkono haukutetemeka."

Hakuniita dada. Tangu siku hiyo hajaniita tena.

Basi dada yangu unayesoma hapa, viti tuvidai, na mimi naendelea kuvidai, kwa sauti kubwa kuliko zamani. Lakini ukikaribishwa, kabla hujatabasamu kwa mpiga picha, mtafute aliyekuwa anakikalia umuulize alitokaje. Akikwambia presha, usitoke hapo mpaka akwambie ya kweli.

Na mkikosana, wakikufungulia mlango wa kutokea, angalia wanataka umsimamishe nani mahali pako. Mimi nilifika mpaka kwenye neno "na".